Jioni ya Kinanda cha Umeme Klabuni Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tangazo lianze kubandikwa mitaani, maswali hayajakatika. Mengine tunaulizwa kwa simu, mengine barazani baada ya sala, mengine na akina mama sokoni. Tumeyakusanya hapa ili kila anayetaka kuja ajue anakuja kwenye nini. Ya kiingilio na usafiri tumeyajibu kwa ufupi. Yanayohusu chombo chenyewe tumeyajibu kwa kirefu, kwa sababu tunaamini kinanda cha umeme kimesingiziwa mambo mengi hapa Unguja, na wengi wanaokilaumu hawajapata kukisikia kikipigwa peke yake na mtu anayekijua.

Ni jioni ya nini hasa?

Mtu mmoja anakaa kwenye kinanda cha safu mbili chenye kanyagio za besi chini, na anapiga mbele yenu kwa mikono miwili na miguu miwili. Sehemu ya kwanza yuko peke yake. Sehemu ya pili anaungana na mpiga dumbak (ngoma ndogo ya mkono) na mpiga fidla, na mwisho mwimbaji anapanda kwa nyimbo chache. Lakini mwenye jioni ni kinanda. Ukija kwa ajili ya mashairi na mipasho hutaikuta kwa wingi, na ni bora tukwambie mapema.

Lini, na saa ngapi?

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Milango inafunguliwa baada ya sala ya Isha, muziki unaanza saa 2:30 usiku na unamalizika saa 5:00. Tunaanza kwa wakati. Tunajua desturi ya shughuli za muziki ni watu kuingia taratibu mpaka saa nne, lakini kipande cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote na hatutaki mtu akikose.

Kiingilio?

Shilingi 5,000. Wanafunzi wa skuli na wazee hawalipi. Tiketi zinapatikana mlangoni tu.

Ukumbi uko wapi?

Mtaa wa Ng'ambo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka majumba ya Michenzani. Ukifika hapo uliza klabu ya muziki, utaonyeshwa.

Kinanda chenyewe ni kile kile cha rusha roho?

Wametoka ukoo mmoja, lakini si kile kile. Vinanda vinavyopigwa kwenye taarab ya kisasa ni vyepesi, vina safu moja ya vitufe, vinawekwa juu ya stendi, na ndani yake mna midundo iliyokwisha kutayarishwa kiwandani. Chetu ni Yamaha Electone, aina ya ogani ambayo kampuni hiyo ilianza kuitengeneza Japani mwaka 1959. Mkono wa kulia unapiga wimbo kwenye safu ya juu, wa kushoto unasindikiza kwenye safu ya chini, mguu wa kushoto unapiga besi kwenye kanyagio, na mguu wa kulia hautoki kwenye pedeli ya kupandisha na kushusha sauti. Pedeli hiyo watu huidharau, na ndiyo pumzi ya chombo. Kwenye piano ukigonga kwa nguvu unapata sauti kubwa. Kwenye ogani za zamani, ugonge ubonyeze, sauti ni ile ile, na anayeipa uhai ni mguu.

Aliyefungua njia ya ogani za umeme ni Laurens Hammond wa Marekani, aliyekuwa mtengenezaji wa saa za umeme. Mwaka 1935 alitoa ogani ambayo ndani yake mna mota ya aina ile ile ya saa zake, inayozungusha magurudumu madogo ya chuma karibu na sumaku zilizozungushiwa waya. Kila gurudumu lina meno yake na linatoa sauti yake. Modeli mashuhuri kuliko zote, B-3, iliyoanza kutoka mwaka 1954, ina magurudumu 91. Juu ya vitufe kuna vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila seti, na mpigaji anachanganya sauti kwa kuvivuta na kuvirudisha huku anaendelea kupiga.

Makanisa yasiyomudu ogani ya mabomba ndiyo yaliyokuwa wateja wakubwa wa Hammond. (Ogani ya mabomba tunayo historia yake hata hapa: Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini liliwekewa moja iliyotengenezwa na Henry Willis wa London.) Kutoka makanisani ogani ya umeme ikahamia kwenye vilabu vya jazi, na kuanzia mwaka 1956 Jimmy Smith, mpiga ogani wa Marekani, alipoanza kurekodi, dunia ikasikia kwamba mtu mmoja anaweza kushika besi, kusindikiza na kupiga wimbo kwa wakati mmoja bila kuwahitaji wengine.

Kinanda si ndicho kilichoua taarab asilia? Kwa nini mnakipa jioni nzima?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, hasa na wazee wetu, na tunalichukulia kwa uzito kwa sababu wanaouliza waliyaona mambo kwa macho yao.

Taarab yetu imepitia Misri. Ni Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anayetajwa kuwa aliileta ikulu, na Mohamed Ibrahim ndiye aliyepelekwa Cairo kujifunza na kurudi na ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachokwanyuliwa. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na mpaka leo ipo. Kwa miongo mingi sauti ya Unguja ilikuwa safu ya fidla, ganuni, udi, nai (filimbi), kodiani, besi ya kusimama, dumbak na rika (dafu ndogo). Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, kundi la East African Melody likiwa miongoni mwa yaliyotangulia, na vinanda vikakaa mahali pa safu nzima ya fidla, mashine ikakaa mahali pa dumbak. Hayo hayakanushiki.

Lakini tazameni sababu. Kundi la asilia lina watu wengi wa kulipwa, kulishwa na kusafirishwa. Mwenye arusi anapiga hesabu. Kundi lenye vinanda, gitaa na waimbaji linaingia kwenye gari moja na malipo yake yanatosha. Fidla iliondolewa na hesabu ya fedha, na kinanda kilikuwa pale pale, tayari, kikakabidhiwa kazi isiyo yake: kuigiza fidla. Na kwa nini kinanda na si udi au ganuni? Kwa sababu ukikwanyua waya, sauti inaanza kufa papo hapo. Kwenye ogani sauti inaendelea mpaka uondoe kidole. Kwa hiyo ndicho chombo pekee cha vitufe, ukiacha kodiani na harmoniamu, kinachoweza kushika nota ndefu kama fidla inavyoishika. Uwezo huo ndio uliotumiwa vibaya.

Huko Cairo kwenyewe, tulikochukua adabu ya muziki huu, kinanda kiliingia bila kumtoa mtu kwenye kiti chake. Magdi al-Husseini alipiga ogani ya umeme katika okestra ya mwimbaji Abdel Halim Hafez, katikati ya fidla nyingi, na watu waliokuwa wakisikiliza redio ya Cairo hapa visiwani waliisikia sauti hiyo. Mwimbaji Umm Kulthum alikubali gitaa la umeme nyuma yake mwaka 1964. Kule Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitia magitaa ya umeme na besi katika taarab, na Mombasa vikundi kadhaa vilitoka kwenye harmoniamu na kodiani wakaingia kwenye ogani. Hakuna anayesema Tanga waliua taarab. Wanasema Tanga walikuwa na sauti yao.

Tunachokitaka sisi ni kinanda kipewe nafasi ya kuwa kinanda. Kisiigize fidla, kisiigize tarumbeta, kisijifanye ngoma. Kipige kwa sauti yake, na fidla ikitakiwa, aitwe mpiga fidla.

Kinaweza kupiga bayati na rasti, au ni hijazi tu usiku kucha?

Anayeuliza hivi anaujua muziki, na tumefurahi sana kulipata swali hili. Hayo ni majina ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

Kinanda kimeigawa oktavu, yaani kutoka Do mpaka Do inayofuata, katika vipande 12 vilivyo sawa. Hijazi, nahawandi, kurdi na ajam zinaingia humo bila taabu, ndiyo maana wapiga vinanda wengi wanaishia kwenye hizo nne na masikio yetu yameanza kuzoea kwamba taarab yote iko huko. Rasti, bayati, saba na sika zinataka sauti iliyo katikati ya kitufe na kitufe. Rasti ikianzia Do, ile Mi inateremshwa robo toni, na Si vile vile. Bayati ikianzia Re, ni Mi hiyo hiyo inayoteremka. Mpiga fidla anasogeza kidole kidogo tu na kazi imekwisha. Mpiga kinanda hana pa kusogeza.

Yamaha na Korg wametengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Kiarabu vyenye vitufe vya kuteremshia nota moja moja: unabonyeza cha Mi, na kila Mi inashuka robo mpaka uirudishe. Mpigaji wetu ameweka kimoja cha aina hiyo juu ya ogani. Anapofika kwenye bayati, mkono wa kulia unapanda huko kwa ajili ya wimbo, na mkono wa kushoto unabaki kwenye ogani ukishika Re na La peke yake. Anaikwepa Mi kabisa upande wa chini, kwa sababu Mi ya ogani haikuteremshwa na zikikutana zitagombana. Wimbo ukihamia maqam nyingine katikati ya kipande, inabidi abadilishe vile vitufe kwa kasi bila kukata sentensi ya muziki. Wazee walioizoea ganuni wanakijua kitendo hiki, maana mpiga ganuni naye hupandisha na kuteremsha vile vichuma vidogo vya pembeni huku anapiga.

Msikilizeni mkono wa kushoto. Mpiga kinanda asiyejua maqam utamtambua huko, atakapojaza vitufe vitatu vinne pale ambapo sauti mbili zingetosha.

Ngoma zinatoka wapi? Kuna pleibeki?

Hakuna. Kinanda chetu kina midundo ndani yake, kama vingine, na mpigaji ameizima. Sehemu ya kwanza haina ngoma kabisa. Mwendo unashikwa na mguu wa kushoto. Sehemu ya pili kuna dumbak, inayopigwa na mtu.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wasikilizaji wamechoka kulipa kiingilio na kumkuta msanii amesimama mbele ya laptopu. Kitu kilichorekodiwa kinaweza kusikilizwa nyumbani. Hapa mtu anaweza kuharakisha, kupunguza mwendo, kurudia ubeti kwa sababu ukumbi umeupokea vizuri, au kukaa kimya kwa pumzi mbili. Mashine haijui ukumbi umepokea nini.

Zitapigwa nyimbo gani?

Hatutangazi orodha, kwa sababu mpigaji hubadilisha kulingana na waliohudhuria. Kwa ujumla: anafungua kwa bashraf, kipande cha ala bila kuimba, kama taarab asilia inavyofunguliwa. Kisha vipande vya Kimisri vya wakati wa redio, vichache, virefu. Baada ya hapo anavuka mipaka. Mara nyingi kuna kitu kutoka Ethiopia, ambako Hailu Mergia alipiga ogani na Walias Band mjini Addis Ababa katika miaka ya 1970 na kuonyesha kwamba nyimbo za kwao, zenye ngazi za sauti za kwao, zinakaa vizuri kwenye chombo hiki. Kuna jazi kidogo. Sehemu ya pili, dumbak ikishaingia, ni nyimbo za Unguja ambazo wengi wenu mtaziimba bila kuombwa.

Naweza kuomba wimbo?

Ndiyo, wakati wa mapumziko, kwa kumwambia mmoja wa wanachama walioko mlangoni. Usimwendee mpigaji akiwa kazini; miguu yake yote miwili ina shughuli na hawezi kukujibu.

Umeme ukikatika?

Tunaishi kisiwani tunaletewa umeme na waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na hakuna mtu mzima hapa aliyesahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme, wala kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, kilichochukua karibu miezi mitatu. Hali sasa ni nafuu sana, lakini anayeandaa muziki wa umeme Zanzibar lazima ajipange.

Tuna jenereta, na kati yake na kinanda tumeweka stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme. Kwa Electone, kinachotutia wasiwasi ni umeme kupanda ghafla unaporudi, kwa hiyo ukikatika, fundi wetu anachomoa kwanza waya, halafu ndiyo anawasha jenereta. Mtangoja kidogo. Wakati huo mpiga fidla na mpiga dumbak hawatangoja. Wao hawahitaji soketi, na kodiani ya klabu iko pembeni kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa wanaopenda mambo ya ufundi: tungekuwa na Hammond ya zamani, tatizo lingekuwa kubwa zaidi. Mota yake inakwenda kwa mapigo ya umeme. Marekani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Ukiichukua ogani iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ukaipa nguvu ya umeme inayoitaka lakini ukaacha mapigo yawe ya hapa, chombo kizima kinashuka karibu nusu-toni tatu: unabonyeza Do, unasikia La, tena imepwaya kidogo. Na kwenye jenereta ambayo mwendo wake haujatulia, sauti ya ogani nzima inapanda na kushuka pamoja na injini. Mwimbaji hawezi kuimba juu ya sauti ya namna hiyo.

Ile sauti inayozunguka na kutetemeka inatoka wapi?

Asili yake ni spika iliyobuniwa na Don Leslie huko Marekani. Ndani ya sanduku mna pembe inayozunguka: inapokuelekea sauti inapanda kidogo, inapokupa kisogo inashuka. Ina mwendo wa taratibu na mwendo wa kasi, na mpigaji mzuri anajua wakati wa kubadilisha, kwa kawaida mwishoni mwa nota ndefu. Laurens Hammond mwenyewe hakuipenda, lakini wapigaji waliipenda, nao wakashinda. Kwenye chetu, mzunguko huo unatengenezwa kwa njia ya elektroniki ndani ya kinanda.

Nikae wapi nisikie na nione vizuri?

Upande wa kushoto ukiingia. Tumekigeuza kinanda kikae ubavu, kwa sababu kikielekezwa mbele kama inavyofanywa kwenye kumbi nyingi, mtu anaona kichwa na mabega tu. Upande huo utaiona miguu, na miguu ni nusu ya muziki. Mbele kuna mikeka kwa watoto na vijana, nyuma viti. Wazee na wenye matatizo ya magoti tunawawekea viti vya mkono karibu na mlango wa pembeni, ambako hakuna ngazi. Mtujulishe mkifika.

Spika ziko juu kiasi na hatufungulii mpaka mwisho. Ukiona sauti inakuumiza, tuambie. Besi ya kanyagio inasafiri sana na kona ya kulia nyuma inaikusanya, kwa hiyo asiyependa besi asikae huko.

Tunaweza kucheza?

Sehemu ya kwanza, hapana. Tunaomba ukae na usikilize. Sehemu ya pili nafasi ya mbele iko wazi, na akina mama kwa kawaida ndio wanaoifungua.

Kutunza kunaruhusiwa?

Kunaruhusiwa na kunapendwa. Kwenye taarab mtu anainuka na kumpa mwimbaji noti mkononi, lakini mpiga kinanda mikono yake haipo. Tumeweka sinia juu ya meza ndogo kando yake. Tafadhali msiweke noti juu ya vitufe, wala kumbandika nazo usoni kama inavyofanywa kwenye arusi. Inuka, pita mbele kwa madaha yako yote, watu wakuone, weka kwenye sinia, rudi. Kitakachopatikana kinagawanywa kwa wanamuziki wote pamoja na mtu wa mitambo.

Wanawake wanakaa peke yao?

Anayetaka. Upande mmoja umetengwa kwa ajili yao na familia zinaweza kukaa pamoja upande mwingine. Hatumpangii mtu.

Mavazi?

Ya heshima. Wengi wanakuja na kanzu, buibui au dira. Wageni kutoka nje ya nchi, ambao mnakaribishwa kwa mikono miwili, mfunike mabega na magoti.

Watoto?

Waje. Tungependa wakae mbele, waone. Aliyelala apelekwe chumba cha nyuma, kuna mkeka na feni.

Kuna chakula na vinywaji?

Urojo, mishikaki, kachori na bajia nje ya mlango, kwa wauzaji wa mtaani ambao tumewaomba wasikaange wakati wa kipande cha kwanza. Ndani kuna kahawa na haluwa, chai ya maziwa, na juisi ya tangawizi. Pombe haiuzwi wala hairuhusiwi kuingizwa.

Mna kibali? Majirani hawalalamiki?

Tunaomba kibali cha BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, kabla ya kila jioni. Na majirani tunawapitia wenyewe nyumba kwa nyumba. Ndiyo sababu ya kumaliza saa 5:00, na hatuongezi hata ukumbi ukiomba.

Naweza kurekodi kwa simu?

Wimbo mmoja, ukiwa umekaa, bila mwanga. Ukirusha mtandaoni taja kwamba umepigwa moja kwa moja, maana watu wanaosikia ogani kwenye simu huwa wanadhani ni mashine. Kurekodi jioni nzima hapana. Wanamuziki wana haki ya kazi yao.

Natoka shamba. Nitarudije?

Gari za 116 za Nungwi na 309 za Jambiani huwa zimeshaacha kutembea muda tunaomaliza. Wanaotoka upande mmoja wapige simu mapema tuwaunganishe wakodi gari pamoja. Kwa wanaokaa mjini, Bububu na upande wa uwanja wa ndege, teksi na bodaboda zinapatikana Michenzani mpaka usiku.

Na sisi wa Pemba?

Tunatamani sana. Chake Chake na Wete wametuandikia zaidi ya mara moja na wana haki ya kudai. Kikwazo ni uzito. Ogani ya safu mbili si ya kubebwa na watu wawili; Hammond B-3 pamoja na benchi na kanyagio zake ina karibu kilo 190, na chetu, ingawa ni chepesi kuliko hiyo, kinahitaji sanduku la mbao, wapagazi wanaojua wanachokishika, na meli ambayo hakitapigwa na maji ya chumvi. Chumvi ikiingia kwenye viungo vya vitufe, vinaanza kukatakata sauti. Tunalitengeneza sanduku. Likiwa tayari tutawatangazia, na tutaomba ukumbi wenye sakafu ya chini, usio na ngazi.

Mwezi wa Ramadhani?

Hakuna jioni. Tunarudi baada ya sikukuu.

Mtoto wangu anataka kujifunza. Aanzie wapi?

Aanze na kinanda kidogo cha safu moja. Kwa mafunzo ya muziki wa visiwani yenye mpangilio, kuna chuo cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimelea wanamuziki wengi wanaosikika leo. Hapa klabuni tunafundisha Jumapili asubuhi, bure, watoto wachache kwa zamu.

Ushauri wetu kwa mzazi: mkataze kugusa kitufe cha midundo kwa mwaka wa kwanza. Mtoto anayejifunza juu ya mdundo wa mashine anaufuata mdundo, hajifunzi kuubeba. Na amsikilize mpiga udi na mpiga fidla kabla hajamsikiliza mpiga kinanda mwingine, ili sikio lake lijue Mi ya bayati iko wapi hata kama kidole chake hakina pa kuigusa.

Nina ogani kuukuu nyumbani, marehemu baba aliletewa kutoka nje ya nchi. Nifanye nini nayo?

Kwanza, usiichomeke. Tazama kibao kilichobandikwa nyuma. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zinataka volti 100, za Marekani volti 110 hadi 120, na soketi yako ina 230. Ukiichomeka hivyo unaiunguza kwa sekunde moja, na ndivyo nyingi zilivyokufa hapa mjini. Itahitaji transfoma, na ikiwa ni Hammond ya magurudumu kutoka Marekani itahitaji pia kifaa cha kurekebisha mapigo ya umeme, kama tulivyoeleza juu.

Pili, fungua mgongo wake, uiache ipate hewa kavu kwa siku chache, uondoe vumbi kwa brashi laini. Usiingize mikono ndani zaidi ya hapo, hata ikiwa haijachomekwa. Kuna vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, na kazi hiyo ni ya fundi. Ikiwa ni ya magurudumu, usiizungushe kabla haijatiwa matone ya mafuta yake maalumu, kwa sababu iliyokaa miaka mingi huwa imekauka.

Tatu, piga picha ya kibao kile na ya safu za vitufe, utuletee klabuni Jumapili asubuhi, fundi wetu yupo. Nyingi zinapona kwa kusafishwa viungo vya vitufe tu. Usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hatujaiona.